Mahali kwanza, aina baadaye: hotuba kwa wapambaji na wauza vipodozi kuhusu kuchagua wanja

Assalaam alaikum. Shikamooni mama zetu mliokaa mbele, na habari za asubuhi kwenu nyote, wapambaji, wenye saluni na wenye maduka ya vipodozi.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kuchagua wanja. Swali lenyewe mnalijua, linaulizwa kila siku kwenye kaunta: "Dada, nipe wanja mzuri." Muuzaji huchomoa ule mweusi tii usiotoka, na biashara imekwisha. Baada ya siku mbili mteja anarudi na malalamiko: umemshukia mashavuni, umekatikakatika, umemwasha. Mara nyingi wanja wenyewe hauna kosa, umewekwa tu mahali pasipo pake. Ndiyo maana leo tutaurudia msimamo mmoja hadi mchoke nao: chagua mahali kwanza, aina baadaye, rangi na bei mwisho.

Jicho lina sehemu tatu za kupaka wanja. Ya kwanza ni ngozi iliyo juu ya mstari wa kope, pale unapochorwa mstari wenye mkia. Ngozi hiyo ni nyembamba mno, ina mafuta yake, na hujikunja kila mtu anapopepesa macho, yaani mara 15 hivi kwa dakika kutwa nzima. Ya pili ni mizizi ya kope, zile nafasi ndogo kati ya unywele na unywele. Ya tatu ni ukingo wa ndani, ule ukanda wenye unyevunyevu unaogusana na mboni ukifumba jicho.

Huo wa tatu una mambo. Kwenye ukanda huo kuna vitundu vya tezi za mafuta, 25 hadi 40 kwa juu na 20 hadi 30 kwa chini. Mafuta yake hutandaa juu ya machozi ili yasikauke haraka. Ukipaka wanja mzito hapo kila siku na kulala nao, vitundu vinaziba, macho yanakuwa makavu na ya kuchomachoma, na wengine hupata chokea au uvimbe mgumu usio na maumivu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2015 na Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, watafiti walipaka watu wanja wa penseli wenye vimetameta, mara nje ya mstari wa kope, mara ukingoni ndani, kisha wakafuatilia chembe zinakokwenda. Ulipopakwa ndani, chembe zilizoingia kwenye machozi ziliongezeka kwa asilimia 15 hadi 30, na ziliingia ndani ya dakika tano tu. Baada ya saa mbili, chembe nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba wanja wa ndani haukai, mwelezeni ukweli: pale panaoshwa na machozi mfululizo, na hakuna wanja unaokaa kutwa. Vimetameta ndiyo kabisa, visiwekwe ukingoni.

Sasa aina.

Penseli ni nta, mafuta na rangi vilivyokandamizwa pamoja. Nta ikizidi, penseli inakuwa ngumu, mafuta yakizidi inakuwa laini, na hapo ndipo madhara mengi yanapoanzia, kwa sababu madukani kwetu penseli ya nyusi na penseli ya macho hukaa kwenye kopo moja, zote nyeusi, zote bei moja. Ya nyusi ni ngumu makusudi, ili mtu achore unywele mmoja mmoja. Ukiipeleka jichoni inavuta ngozi, mstari hautoki, mtu anaikandamiza, jicho linatoa machozi. Hapo ndipo wengine huwasha kiberiti na kuichoma ncha. Tafadhali acheni. Ncha iliyochomwa inaunguza, na nta iliyoyeyushwa inakuwa laini kupita kiasi, inapaka vizuri kwa dakika kumi kisha inaanza safari ya kushuka. Penseli ikiwa ngumu kidogo tu, ishike ncha katikati ya vidole viwili safi kwa nusu dakika, joto la mwili linatosha. Ikibaki ngumu, hiyo ni ya nyusi, irudisheni kwenye nyusi.

Penseli laini ndiyo ya mizizi ya kope, na ya ukingo wa ndani kwa asiyeweza kuuacha. Ndiyo pia rafiki wa mikono inayotetemeka, maana kosa lake linasuguliwa likageuka kuwa kivuli. Udhaifu wake ni joto. Nta yenye mafuta mengi haikauki kamwe, inakaa vilevile juu ya ngozi ikisubiri jasho. Siku hizi kuna penseli za kukaa muda mrefu zenye kiyeyushi kinachoruka hewani, kwenye orodha ya viambato mtaona isododecane au jina linaloishia na siloxane. Hizi huteleza zikiwa mbichi, na baada ya nusu dakika hadi dakika moja hukamata. Ukitaka kuzisugua zitawanyike, fanya upesi, jicho moja kwanza hadi liishe ndipo uhamie la pili. Anayepaka macho yote mawili kisha akarudi kusugua la kwanza atakuta limeshakauka, na akilazimisha linabanduka vipande.

Penseli laini huvunjika kwenye kichongeo, hasa miezi ya joto. Iweke kwenye friji, sehemu ya barafu, dakika 10 hadi 15, ndipo uchonge.

Wanja wa maji ni kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna maji, rangi, na kiambato kinachokauka kuwa utando juu ya ngozi. Utando huo ndio unaofanya mstari uwe mkali, usiohamia, na ndio unaokatika ukipakwa nene. Tabaka moja jembamba, subiri sekunde 30 jicho likiwa linatazama chini, kisha la pili kama linahitajika. Mteja akifungua jicho mapema, mstari mbichi unagusa ngozi ya juu na kuacha chapa. Usimfute papo hapo. Acha ikauke, kisha ibandue kwa ncha ya pamba ya masikio kavu, inatoka bila kuacha doa, wakati ukifuta mbichi unaisambaza mpaka kwenye nyusi. Wanja huu mahali pake ni ngozi ya juu tu. Usiingizwe ukingoni ndani: unawasha, haukauki kwa sababu ya unyevu, na utando ukivunjika vipande vinaingia jichoni.

Wanja wa kalamu ni huohuo wa maji, uliotiwa kwenye kalamu yenye ncha ya sponji au ya nywele. Wengi hununua kwa sababu unaonekana rahisi. Ni rahisi kweli, kwa ngozi safi. Tatizo ni kwamba ncha inafyonza kila inachokutana nacho, poda, kivuli cha macho, mafuta, na ikishaziba inaandika mstari wa kijivu wenye mapengo. Mtu anadhani wanja umeisha anautupa, kumbe umeziba. Ipitishe ncha juu ya karatasi laini ya shashi mara mbili tatu mpaka wino utoke tena. Hifadhi kalamu ikiwa imelala au ncha ikitazama chini, isisimamishwe ncha juu, wino unarudi nyuma. Kama umempaka mteja kivuli chenye unga mwingi, tumia wanja wa maji wa kawaida wenye brashi yake, au jeli, kalamu iache mfukoni.

Jeli iko kwenye kikopo na hupakwa kwa brashi nyembamba au brashi ya pembe, yaani iliyokatwa mshazari. Kwa maoni yetu mpambaji wa maharusi akiambiwa achague kimoja tu, achague jeli. Inakubali kusuguliwa kama penseli kwa nusu dakika ya mwanzo, kisha inashika karibu sawa na wa maji, na brashi inakupa uwezo wa kuamua unene. Kasoro yake ni kukauka kikoponi, maana kiyeyushi chake kinaruka kila kifuniko kinapokuwa wazi. Chota kiasi cha punje ya mchele weka kwenye kibamba safi cha chuma au nyuma ya kiganja chako kilichooshwa, funga kikopo hapohapo. Ikikauka usiongeze maji wala, tunasema hili kwa sababu linafanyika, mate. Maji ya bomba yanapunguza nguvu ya kiambato kinachozuia vijidudu, na kuna vijidudu vinavyopenda vipodozi vyenye maji ambavyo vikipata mchubuko kwenye mboni vinaweza kuharibu jicho kwa siku chache tu. Jeli iliyokauka imekufa, inunuliwe nyingine.

Kivuli cheusi cha unga kilichopakwa kwa brashi ya pembe iliyoloweshwa kidogo nacho ni wanja, na ni wanja mzuri kwa mama mwenye mikunjo kwenye ngozi ya jicho. Wino wa kalamu hufuata mikunjo na kutoa mstari wenye vidole. Kivuli hakifanyi hivyo.

Kabla ya kununua, fanyeni jaribio hili dukani, halihitaji chochote zaidi ya mgongo wa mkono wako na dakika tano. Chora mstari mmoja wa kila wanja unaoufikiria, urefu wa sentimita tatu, bila kukandamiza. Tazama kwanza kama rangi imetoka kwa pito moja. Ukihitaji mapito manne mkononi, jichoni utahitaji sita. Subiri dakika moja kamili. Pitisha kidole mara moja kwa uzito mdogo, ukitawanyika sasa, huo si wa ngozi ya juu kwa mtu mwenye mafuta. Nyunyiza matone mawili ya maji, subiri, gusa kwa shashi. Mwisho paka tone la mafuta ya nazi mwisho mmoja wa mstari. Hapa ndipo wengi hushangaa: wanja usioingia maji, uliostahimili matone bila kutikisika, unayeyuka kwa mafuta. Na hayo ndiyo yanayotokea usoni. Mteja wa Dar, Tanga au Mombasa mwezi Februari haharibiwi wanja na mvua, anaharibiwa na mafuta ya ngozi yake mwenyewe yakichanganyika na jasho, na losheni aliyopaka hadi juu ya kope asubuhi. Kwa hiyo maneno "hauingii maji" kwenye boksi yanajibu nusu tu ya swali.

Dawa ya mafuta ni kazi ya kabla ya wanja. Safisha ngozi ya jicho kwa maji ya kuondolea mekapu yasiyo na mafuta, yakauke. Praima ya macho, ile krimu ya msingi ya kushikisha mekapu, kiasi cha nusu punje ya mchele kwa kila jicho, itandazwe kwa kidole cha pete, dakika moja. Juu yake kivuli cha rangi ya ngozi kwa brashi, kidogo sana. Hapo ndipo mstari. Kama ni penseli, ukishamaliza bandika juu yake kivuli cheusi cha unga kwa brashi ya pembe, ukigonga bila kuburuta. Unga unafyonza mafuta ya juu ya nta, na penseli ya bei ndogo inaanza kufanya kazi kama ya bei kubwa. Asiyetaka wanja wake uhamie chini ya macho apake poda hapo chini pia, kwa sababu mara nyingi mstari wa juu ndio unaopiga chapa chini mtu akicheka.

Kuchora kwenyewe. Mteja asivutwe jicho pembeni. Ngozi ikivutwa mstari unanyooka, ikiachiwa unajikunja. Kama unajipaka mwenyewe, weka kioo chini ya kidevu, tazama chini ukiwa umeinua kidevu, kiwiko mezani, kidole cha mwisho kikiegemea shavu. Usianze kona ya ndani. Weka vipande vitatu vifupi, kimoja katikati, kimoja nje, kimoja ndani, kisha viunganishe ukikaa karibu kabisa na mizizi ya kope. Kona ya ndani unene usizidi milimita moja, nje mbili. Mkia unafuata mwelekeo wa mstari wa chini wa kope kama vile ungeendelea kupanda kuelekea mwisho wa nyusi, milimita 4 hadi 6 zinatosha kwa mchana. Weka nukta ya mwisho wa mkia kwenye macho yote mawili kwanza, mteja akitazama mbele macho wazi, linganisha, ndipo uchore. Wanaochora jicho la kulia lote kisha wakaja la kushoto ndio wanaoishia kunenepesha huku na huku hadi jicho linafungwa na wanja. Na kwa anayetumia mkono wa kulia anayejipaka mwenyewe, jicho gumu ni la kushoto, alianze hilo.

Pengo jeupe kati ya mstari na mizizi ya kope ndilo linalofichua kazi ya haraka kuliko kosa lolote. Lizibeni kwa penseli laini kutoka chini, mkigongagonga kati ya nywele.

Macho ambayo ngozi ya juu inaangukia mstari wa kope yana kanuni yake. Hapo penseli laini ni hasara tupu, itapiga chapa juu ndani ya saa. Tumia wa maji au wa kalamu, mwembamba, na uchore macho yakiwa wazi yakitazama mbele, ili uone ni kiasi gani cha mstari kitabaki kinaonekana. Kuna mteja ambaye ukimchora macho yamefumbwa unapata mstari wa kupendeza, akifumbua haupo.

Tuje kwa maharusi wetu, kwa sababu hapo hasara ni ya picha zisizorudiwa. Bi harusi atalia, tusidanganyane, na atalia wakati wa kuagwa. Machozi hutoka kona za jicho, hivyo acheni milimita mbili au tatu za kona ya ndani bila wanja wa chini, na chini wekeni kivuli cha unga badala ya penseli. Ukingo wa ndani uacheni mtupu, au penseli ya rangi ya maziwa yenye ukahawia, ambayo ikitoka haitaacha mto mweusi shavuni. Shashi ya machozi awe nayo msimamizi wake: iliyokunjwa pembe, ya kugusa, siyo ya kufuta.

Wanaovaa nikabu wana shida ya msuguano, kitambaa kinapita kwenye mkia kila wanapokaa sawa. Mkia wao uwe mfupi, wa maji, usio na mafuta juu yake. Na wanaotia udhu hutuuliza mara kwa mara kama wanja unazuia maji. Hukumu ya jambo hilo ipo kwa mashekhe, siyo kwetu. Tunachoweza kuwaambia ni kinachotokea kwenye ngozi: wanja wa maji, wa kalamu na jeli vikikauka huwa utando, na vingine unaweza kuubandua mzima kwa ukucha. Penseli huacha tabaka la nta lisilopenda maji. Wanja wa unga hauna utando. Muuzaji asimwambie mteja "huu unapitisha maji" kwa sababu tu boksi limeandikwa hivyo, wakati maelezo ya viambato yanasema vingine.

Hapo kwenye unga ndipo tunapotaka kukaa kidogo, na mama zetu mtuvumilie.

Wanja wa manga tumeukuta. Uko Darajani, uko Kariakoo, uko kwenye masanduku ya bibi zetu, unaletwa na wanaorudi Uarabuni na India, na huku na huku unajulikana kwa majina ya kohl, surma au kajal. Ule wa jiwe, wa kusagwa, wenye kung'aa kijivu kama chuma kipya, mara nyingi ni madini ya galena, nayo galena ni risasi, ile metali yenye sumu, iliyoungana na salfa. Wa zamani ulitajwa kuwa antimoni, madini mengine, lakini risasi ndiyo imekuwa ikikutwa tena na tena katika sampuli zinazopimwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, hairuhusu kohl katika vipodozi kwa sababu haimo katika orodha ya rangi zilizokubaliwa. Mwaka 2011 huko Boston mtoto mchanga wa miezi sita alikutwa na mikrogramu 13 za risasi kwa desilita ya damu. Wanja aliokuwa akipakwa machoni, unaoitwa tiro, uliotoka Nigeria, ulipopimwa ulikuwa na risasi asilimia 82.6. Nchini Marekani mtoto akifika mikrogramu 3.5 anafuatiliwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Risasi haiingii sana kupitia ngozi nzima. Inaingia kwa kumezwa. Mtoto anasugua jicho, kidole kinaenda mdomoni, na mara nyingine machozi yenyewe hushuka na chembe hadi puani na kooni. Haimuumi siku hiyo. Inakaa mwilini, inaleta upungufu wa damu, inagusa ubongo unaokua, na miaka inapita hadi mwalimu anasema mtoto hashiki masomo. Kuuchemsha wanja hakutoi risasi. Kuuloweka kwenye marashi hakutoi risasi. Kuusaga ukawa laini zaidi hakutoi risasi. Na kwa macho au kwa kuonja hakuna anayeweza kuitambua, inahitaji kipimo cha maabara. Boksi lililoandikwa kwamba halina risasi bila jina la mtengenezaji wala namba ya toleo ni karatasi tu.

Kwa hiyo kwa watoto tunasema waziwazi: wanja usipakwe machoni, usipakwe kwenye nyusi. Tunajua habari ya jicho baya na tunajua nani mwenye sauti nyumbani. Bibi akishikilia kabisa kwamba lazima mtoto awe na alama, basi iwe nukta moja ya penseli ya dukani yenye orodha ya viambato, nyuma ya sikio ambapo mkono wa mtoto haufiki kirahisi, na ifutwe kabla ya kulala. Mjamzito na anayenyonyesha nao waache wa jiwe, risasi hupita kwa mtoto. Masizi ya nyumbani yaliyochanganywa na mafuta hayana risasi kama kilichochomwa ni safi, lakini yana chembe ngumu na hayana kinga dhidi ya vijidudu, hatuyapendekezi kwa ukingo wa ndani.

Kwenye boksi tafuteni haya: jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, na kile kichoro cha kikopo kilicho wazi chenye namba kama 6M au 12M, maana yake miezi baada ya kufungua. Namba CI 77499 ni oksidi ya chuma, nyeusi yenye kuelekea kijivu. CI 77266 ni kaboni, ndiyo inayotoa weusi wa tii na ndiyo inayoacha doa asubuhi ya pili. Vipodozi Tanzania Bara viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, tangu 2019, vilipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Zanzibar ni ZFDA, wakala wa chakula na dawa, Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Mwenye duka asione haya kumdai msambazaji karatasi zake.

Kuna maswali yameletwa kwenye vikaratasi, tuyapitie haraka.

Lenzi za macho: zivaliwe kabla ya mekapu, zitolewe kabla ya kuondoa mekapu. Ukingo wa ndani usipakwe kitu.

Wanja wa sumaku wa kushikia kope bandia: una chuma kingi ndani yake, ndiyo maana unashika. Anayekwenda kupigwa picha ya MRI, inayotumia sumaku kali, aufute wote, pamoja na wanja mwingine wenye oksidi ya chuma, kwa sababu unaweza kupata joto na unaharibu picha.

Maka peni ya kuandikia maboksi: hapana. Tumeulizwa kwa uzito, tunajibu kwa uzito.

Rangi kwa ngozi nyeusi sana: kahawia ya kawaida inapotea, chukueni ya shaba au zambarau iliyoiva. Buluu na kijani zinaonekana vizuri zikipakwa juu ya msingi mwembamba wa penseli ya rangi ya maziwa. Nyeusi inabaki nzuri ilimradi iwe na kaboni, ile ya chuma peke yake hufifia ikawa jivu.

Kuondoa: wanja wa kawaida, maji ya kuondolea mekapu. Usioingia maji, kiondoleo cha mafuta. Loweka pamba, bandika juu ya jicho lililofumbwa, hesabu hadi 20 bila kusugua, kisha shusha chini mara moja. Mafuta ya nazi na vaselini vinafanya kazi hiyo, lakini lazima uoshe uso kwa sabuni laini baadaye, la sivyo kesho mstari unateleza na utalaumu wanja.

Muda wa kutumia: wanja wa maji na wa kalamu miezi mitatu hadi sita tangu kufunguliwa. Jeli sita, kama haijakauka mapema. Penseli mwaka hadi miwili kwa sababu kuchonga kunaondoa tabaka lililoguswa. Mteja aliyepata jicho jekundu lenye matongo, kila kilichomgusa tangu lianze kitupwe, hata kiwe cha jana.

Swali la mwisho linatoka kwa mwenye saluni, anauliza penseli moja kwa wateja kumi inakuwaje. Chonga kwa kila mteja, futa ncha kwa shashi yenye spiriti ya asilimia 70, iache ikauke nusu dakika, na kichongeo chenyewe kifutwe vilevile. Kalamu na brashi iliyofungwa kwenye kifuniko cha wanja wa maji havichongwi, kwa hiyo haviwezi kutumika kwa watu wawili. Chovya brashi ya kutupa mara moja tu, au mwaga tone kwenye kibamba ulichofuta kwa spiriti, na brashi iliyogusa jicho isirudi kwenye chupa. Brashi za kufulika zioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kila mteja anapoondoka, zikaushwe zikiwa zimelala. Ukiwa na brashi za wanja 12 kwa siku ya Jumamosi hutakwama. Vifaa viko kwenye meza ya kushoto, anzeni na penseli, kalamu baadaye.